Zulia na Sakafu ya Msikiti

 

Ndugu zetu Waislamu, limetufikia katika darsa yetu suali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo, nalo ni hili: Je, yafaa kutandika zulia zima, ukuta hadi ukuta, juu ya sakafu ya msikiti iliyo ya simiti au ya vigae? Twasema laonekana dogo, kwani ni nani asiyejua zulia? Lakini suali hili limekwisha kuwatenganisha watu wa msikiti mmoja, hata baadhi yao wameiacha safu yao na kwenda kuswali kwengine. Na jambo lenye kumtoa Muislamu katika jamaa yake si dogo, hata kama asili yake ni sufi na kipande cha sponji.

Watu hao wamegawanyika mafungu matatu. Wa kwanza ni wazee, wasemao kwamba vigae vimewaumiza magoti hata wengi wao sasa waswali juu ya viti. Wa pili ni vijana, wasemao kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali juu ya udongo, na kwamba zulia ni bidaa na israfu. Wa tatu, nao ndio wenye mifuko, wataka zulia nene kabisa, lenye sponji nene chini yake, lenye maua na mihirabu iliyonakishiwa, ili msikiti wao usipitwe na msikiti wa mtaa wa pili. Tumeyasikiliza maneno ya wote, na twaona wazee wana haki, vijana wana nusu ya haki, na hao wa tatu tutawafikia.

Tuanze na hilo neno bidaa, kwani ni neno zito, na siku hizi latupwa ovyo kama kokoto. Msikiti wa Mtume kule Madina ulikuwa na sakafu ya udongo na paa la makuti ya mtende. Imepokewa katika Sahihi mbili, kwa Abu Said Al-Khudri, kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na Mtume akasujudu katika maji na tope hata athari yake ikaonekana usoni pake. Kisha imepokewa kwa Ibn Umar, katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba mvua iliponyesha mtu mmoja alichukua changarawe katika nguo yake akazitandaza chini yake, na Mtume alipoona akalisifu jambo hilo. Tazameni basi. Masahaba hawakusema kwamba tope ndiyo suna na changarawe ni uzushi. Waliona taabu, wakaiondoa, na Mtume akawaridhia.

Tena Mtume mwenyewe aliswali juu ya khumra, nao ni mkeka mdogo wa makuti, kama alivyopokea Bibi Maymuna. Na Anas bin Malik asimulia kwamba nyanya yake, Mulayka, alimwalika Mtume kwa chakula, na baada ya kula Mtume akasimama kuwaswalisha. Anas akaliendea jamvi lao lililokwisha kuwa jeusi kwa kutumika siku nyingi, akalinyunyizia maji, wakaswali juu yake. Huyu huyu Anas atueleza kwamba walipokuwa wakiswali katika joto kali, asiyeweza kuweka paji lake juu ya ardhi alitandika nguo yake akasujudu juu yake. Basi mwenye kusema kwamba kutenganisha uso wa mja na ardhi ni haramu, hana pa kulishika neno lake.

Kweli Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 179 Hijria (795), alichukia kusujudu juu ya mazulia ya sufi na juu ya ngozi, akapenda paji la uso liwe juu ya ardhi au juu ya kilichomea katika ardhi, kama jamvi. Lakini alichukia, hakubatilisha. Na wengi wa maulamaa, pamoja na Imamu wetu Shafii, hawakuona ubaya. Vijana wetu wamelichukua neno la karaha la madhehebu moja, wakaligeuza kuwa neno la uharamu kwa umma wote, na hivyo sivyo elimu ifanywavyo.

Sasa haki ya wazee. Hapa ndipo penye uzito wa suali hili, na ajabu ni kwamba katika magomvi yote tuliyoyasikia hapakutajwa hata mara moja. Kusujudu ni nguzo ya swala. Mtu mgonjwa ana ruhusa yake, nayo yajulikana katika hadithi ya Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Lakini ruhusa hiyo ni ya asiyeweza. Mzee wa miaka sabini ambaye nyumbani kwake, juu ya msala uliokunjwa mara mbili, asujudu vizuri, kisha msikitini akaa juu ya kiti kwa kuwa kigae chamkata goti, huyu si asiyeweza. Huyu ni mtu aliyeondolewa sijida yake na sakafu. Na sakafu hiyo ni sisi tulioiweka. Zamani misikiti yetu ya pwani ilikuwa na sakafu ya chokaa na kokoto za matumbawe, iliyopigwa kwa magongo siku nyingi mpaka ikashikamana, na juu yake majamvi ya miyaa, pengine tabaka mbili. Majamvi yalipochakaa hatukununua mengine. Tukaleta vigae vinavyong'aa, tukasema msikiti umependeza. Umependeza macho, lakini tangu hapo viti vyaongezeka.

Kwa sababu hiyo hatuna budi kusema waziwazi kwamba kulainisha sakafu ngumu kwa ajili ya magoti ya wazee si anasa. Mwenye kufanya hivyo kwa nia njema amewafungulia watu mlango wa nguzo ya swala.

Lakini kulainisha kuna mpaka, na hapa twawageukia wenye kutaka sponji nene. Katika madhehebu yetu haitoshi paji la uso kugusa tu mahali pa kusujudia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amesema katika Minhaj kwamba ni wajibu mahali pa sijida papate uzito wa kichwa, na maulamaa waliomfuata wakabainisha kwa mfano wa pamba: lau pangekuwa na pamba chini ya paji, basi ishindiliwe na athari yake ionekane. Wazee hao wa elimu hawakuijua sponji, lakini waliijua pamba, na maneno yao yatutosha. Juu ya zulia jembamba lenye tandiko gumu chini yake, uzito wa kichwa wafika bila ya mtu kufikiri. Juu ya sponji nene na laini kama godoro, mtu aweza kuweka paji lake likaelea, naye adhani amesujudu. Swala yake yategemea akumbuke kukandamiza, na wangapi watakumbuka? Na wazee wenyewe waliosemewa, watapata dhara nyingine, kwani mguu wa mzee huzama katika kitu laini na kiwiliwili chake huyumba, hasa anapoinuka kutoka sijidani. Alikimbia kigae kilichomuumiza goti, atakuja kuanguka juu ya godoro.

Basi linalofaa chini ya zulia la msikiti ni tandiko jembamba na gumu, ama la felti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa, ama la mpira uliokaza. Mtu ajaribu dukani kwa mkono wake. Auweke kiganja chake juu ya zulia lililo juu ya tandiko, akandamize kwa uzito kama wa kichwa. Akiona mkono umefika pahali pa kusimama bila ya kusukumwa zaidi, hilo lafaa. Likizidi kuzama kila akiongeza nguvu, aliache hilo liende kwa wauza makochi.

Juu ya maua na nakshi hatutasema mengi. Mtume (S.A.W.) aliswali katika nguo yenye alama, alama zile zikamshughulisha, akaamrisha irejeshwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo nyengine isiyo na nakshi. Ikiwa Mtume alishughulishwa, sisi ni nani? Na Sayyidna Umar alipoamrisha msikiti ujengwe, alitaka watu wakingwe na mvua, akakataza rangi nyekundu na manjano zisije zikawafitini watu katika swala zao. Zulia la rangi moja, lenye mstari wa kuonyesha safu, latosha. Na hao wenye kushindana na mtaa wa pili wajue kwamba kujifakharisha kwa misikiti kumetajwa katika hadithi ya Anas miongoni mwa alama za Kiyama.

Tuje sasa kwenye sakafu yenyewe. Huenda msomaji akashangaa kwamba karatasi ya darsa yazungumza mambo ya fundi. Lakini mali ya msikiti ni amana, na mwenye kuharibu amana kwa kutojua, na watu wa kumwambia wapo, hana udhuru. Twajua misikiti iliyotandikwa mazulia ya thamani, na baada ya masika mbili tu mtu akiingia anusa uvundo kabla ya kuvua viatu. Sababu yake ni moja: unyevu umefungiwa chini.

Simiti huonekana kavu juu, na ndani ingali na maji. Kanuni ya mafundi ni kwamba simiti mpya ya sakafu hukauka kadiri ya milimita moja kwa siku moja, hewa ikiwa nzuri. Yaani sakafu ya milimita 50 yataka siku 50, na ikizidi unene huo hukawia zaidi kuliko hesabu hiyo. Nayo hewa ya pwani si nzuri kwa kazi hii, khasa masika. Afadhali kungojea kaskazi, katika miezi ya Januari hadi Machi, madirisha yakawa wazi na upepo ukapita. Kabla ya kutandika chochote na afanye jaribio rahisi: achukue kipande cha nailoni inayoonya, mraba wa sentimita 45 hivi, akibandike juu ya simiti kwa utepe wa gundi pande zote nne, akiache saa 16 au zaidi. Akikibandua akaona matone chini yake, au simiti imegeuka rangi kuwa nyeusi, basi sakafu hiyo haijawa tayari. Afanye hivyo mahali pengi, na asisahau upande wa birika, kwani huko ndiko kwenye maji.

Katika misikiti ya kale ya matumbawe na chokaa jambo ni zito zaidi. Kuta hizo na sakafu hizo hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutoka nje kwa kupitia chokaa. Mtu akija akaziba sakafu kwa simiti, kisha vigae, kisha zulia lenye mgongo wa mpira, unyevu haufi. Hukimbilia kuta, ukabeba chumvi, na lipu ikaanza kubambuka. Watu husema msikiti umezeeka. Haukuzeeka, umezibwa pumzi. Misikiti ya namna hiyo twaipendelea majamvi, na chini yake pasiwe na kitu cha kuzuia hewa. Majamvi yangali yasukwa na mama zetu wa pwani, bei yake si kubwa, na faida yake yarudi kwa Waislamu wenye haja.

Ama sakafu ya vigae ina mambo yake. Kwanza kila kigae kigongwe kwa kitako cha bisibisi. Kinacholia utupu kimeachana na simiti, nacho kitavunjika chini ya zulia pasipo mtu kujua, na kingo zake zitalikata zulia. Hivyo vitengenezwe kwanza. Pili, mafundi wa majumbani huzungusha kutani kijiti chembamba chenye ncha za misumari za kulishika zulia, nao hukipigilia katika simiti. Juu ya vigae kupigilia huko hupasua, na gundi nayo haishiki juu ya kigae kinachong'aa mpaka kikwaruzwe. Tatu, mianya mipana baina ya vigae huonekana juu ya zulia jembamba baada ya miezi michache, kama mbavu za punda, basi na ijazwe isawazishwe.

Na rai yetu katika misikiti ni kutogandisha zulia kabisa. Hununuliwa mazulia ya safu, upana wake kwa kawaida kama sentimita 120, yakatandikwa bega kwa bega juu ya felti isiyoteleza, na kingo zikashikwa kwa utepe. Likitokea jambo, safu moja yakunjwa, yatolewa juani, na nyengine zabaki. Zulia lililogandishwa ukuta hadi ukuta haliwezi kutoka ila kwa kisu.

Jambo gani litatokea? Litatokea la mtoto. Bedui alipokojoa katika msikiti wa Mtume, masahaba walimkaripia, Mtume akawazuia, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe, na ardhi ikanywa. Vigae navyo vyaoshwa na kukauka mara moja. Lakini zulia lenye sponji hunywa kile cha kwanza, na likimwagiwa maji hunywa na hayo, yote yakakaa baina ya sponji na kigae, hayana pa kwenda. Kwa hukumu ya Sheria, najisi ifyonzwe kwanza kwa kitambaa mpaka mwili wake uondoke, kisha maji yamwagwe yaenee pahali pote ilipofika. Kupangusa kwa tambara bichi, kama wafanyavyo watumishi wengi, hakutwahirishi, bali hueneza. Na ikiwa juu pametwahirika na chini pamebaki na najisi, swala juu yake yasihi, lakini kwa karaha, na uvundo haujui fat-wa. Safu ya kutolewa huoshwa uani na kuanikwa juani, na sakafu yake ikaoshwa, na jambo likaisha kabla ya Adhuhuri.

Twalisema hili kwa urefu kwa sababu tumesikia pahali ambapo baada ya kutandikwa zulia la thamani, watoto wamekatazwa kuingia. Mtume (S.A.W.) aliwaswalisha watu naye amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zaynab. Zulia lenye kumfukuza mtoto msikitini ni hasara kuliko kigae.

Kadhalika maji ya udhu. Mtu atoka birikani na miguu michirizi, akanyaga zulia, mara tano kwa siku, watu mia. Pawekwe nafasi ya vigae vitupu kutoka birikani hadi safu ya nyuma, na jamvi la kufutia miguu, nalo jamvi hilo libadilishwe kila siku.

Wapo wanaosema, mbona Makka na Madina kuna mazulia? Twajibu, yapo, na mahali pengine hapana. Uwanja wa kutufia unaoizunguka Alkaaba hauna zulia. Ni marumaru nyeupe ya kisiwa cha Thasos, Ugiriki, ambayo hulirudisha jua na kupeleka joto chini upesi, hata mtu huikanyaga mchana bila kuungua. Na msikiti wa Mtume ulipofunguliwa tena tarehe 31 Mei 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, mazulia yalikuwa yameondolewa, na watu wakaswali juu ya marumaru. Hapana aliyesema kwamba swala zao zimepungua. Zulia huwekwa kwa haja na huondolewa kwa haja.

Kuhusu Kibla, neno moja tu. Mistari ya zulia isifuate ukuta, ifuate Kibla. Kwetu Mombasa Kibla ni kaskazini hasa, kwani Makka na Mombasa zakaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa longitudo. Nairobi chaelekea mashariki kidogo ya kaskazini. Vyumba vingi vilivyogeuzwa kuwa misikiti kuta zake hazielekei huko. Fundi akishatandika kwa kufuata ukuta, watu mia wataufuata mstari wake kila siku, na mwenye kuwarekebisha ataonekana mgomvi. Na pimwe kabla ya kukata.

Limebaki la fedha na mazulia ya zamani. Aliyetoa fedha akasema ni za zulia, hazifai kugeuzwa za rangi ya mnara. Na aliyetoa za mshahara wa mwalimu wa chuo, hazifai kugeuzwa za zulia, japo mwalimu mwenyewe asema yuko radhi kungoja. (Mwalimu huyo, twaona, husema yuko radhi kwa kuwa hakuulizwa faraghani.) Na zulia au jamvi lililowekwa wakfu haliuzwi likingali lafaa kwa kazi yake. Likichakaa hata likawa halifai ila kuchomwa, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba laweza kuuzwa, na thamani yake ikarudi katika maslaha ya msikiti ule ule. Hili ni la msimamizi wa wakfu, aliandike katika daftari. Si la mjumbe mmoja kulichukua akalitandika barazani kwake.

Lakini tumeona desturi nyengine, nayo ndiyo iliyotufanya tuliandike jambo hili lote. Zulia jipya likija, la zamani hukunjwa likapelekwa kwenye sehemu ya wanawake, pamoja na vumbi lake na uvundo wake na mashimo yake, na ikahesabiwa kwamba nao wamepewa. Sakafu yao ni vigae vile vile, na bibi wa miaka sabini ana magoti yale yale ya babu wa miaka sabini, na sijida yake ni nguzo kama sijida ya babu. Tumeuliza katika hesabu ya msikiti huo wenye magomvi ni mita ngapi zilizopimwa kwa wanawake, tukaambiwa hapakupimwa. Basi fundi atakapokuja na utepe wake, na apelekwe na huko, apime, abandike nailoni yake na huko, agonge na vigae vya huko, na hesabu ya sehemu zote mbili iandikwe katika karatasi moja kabla ya kuchangishwa shilingi ya kwanza.